Mwalimu Aliyetunywesha Maji

Ninyi vijana mtakaosoma haya, hasa ninyi wajukuu zangu mnaozunguka bustani mbio na waya masikioni, kaeni chini kwanza. Saa mliyovaa mkononi inawaambia moyo unapiga mara ngapi, mmekwenda umbali gani na wakati gani mnywe maji. Sisi hatukuwa na saa ya namna hiyo. Tulikuwa na mtu. Nataka mjue mtu huyo alikuwaje, na nataka mjue nilichomfanyia, kwa sababu sijamwambia yeyote katika nyumba hii na sitaki kufa nacho.

Tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, lakini hapa halina kazi. Alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani, hayo wanayo watu wa kwao. Mimi namjua tangu Jumamosi ile nilipomkuta Schaerbeek, mtaa mmoja wa hapa Bruxelles, katika bustani ya Josaphat, amesimama kando ya bwawa, chupa za maji amezipanga miguuni kama mtu anayeuza. Kule Bukavu alikuwa amefundisha mazoezi ya viungo shuleni. Hapa Bruxelles alifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kupumzika, na asubuhi yake alitupa sisi, kina mama wa Kivu, bila kutudai kitu.

Tulikuwa wagonjwa wa kukaa. Tulikuwa tumetembea sana wakati wa vita, tukafika huku tukakaa. Tulisafisha ofisi za watu, tukapanda tramu, tukarudi kula viazi vya kukaanga mbele ya televisheni. Mimi presha yangu ilikuwa imepanda mpaka daktari akaacha kunibembeleza. Alisema nitembee au nitaanguka. Maman Solange, msusi wa nywele katika maduka ya Galerie d'Ixelles, alikuwa anasimama kutwa nzima na miguu yake jioni ilikuwa kama magogo. Maman Riziki alikuja siku ya kwanza kutucheka, akabaki miaka tisa.

Mimi nilifika nimevaa kitenge juu ya suruali ya mazoezi, na viatu vya kanisani. Mwalimu akaviangalia.

"Maman Neema, hii viatu iko ya arusi ao ya kukimbia?"

"Iko ya kuenda kwa Mungu," nikamjibu. "Njo niko nayo."

"Bon. Mungu hana haja ya kukimbia. Ni wewe uko na haja. Semaine ijayo utafute ingine."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho 'njo' ni 'ndiyo'. Hakuwa na maneno ya sukari. Lakini wiki iliyofuata alikuja na jozi tatu za raba alizopewa na watoto wa wazee wake, akapiga magoti kwenye nyasi mbichi akatupima mguu mmoja mmoja, akibonyeza kwa kidole mbele kuona kama vidole vina nafasi. Mwanamume wa kwetu kumpigia magoti mwanamke mbele za watu, na Waturuki wa mtaa ule wanapita na mikokoteni ya watoto wao wanatazama. Maman Riziki aliona haya akafunga macho.

Kuhusu kupumua. Mimi nilidhani kupumua hakufundishwi. Yeye alisema watu wengi wanakimbia kama wanaoogelea, wamebana pumzi. Basi hakutuambia tukimbie. Alitufundisha kuongea tukiwa tunakwenda. Ukiweza kuimba, uko polepole, ongeza. Ukiweza kuongea sentensi nzima, uko sawasawa. Ukishindwa kutaja jina lako na la mama yako kwa pumzi moja, punguza, uende kwa miguu, wala usione aibu. Alikuwa anakimbia nyuma yetu akisikiliza. Mazungumzo yakikatika alipiga kelele: "Kuko kimya huko mbele. Nani anakufa?"

Wakati mmoja Maman Solange na Maman Riziki walikuwa wamegombana juu ya vitenge vya harusi, miezi miwili hawasalimiani. Mwalimu akawaweka pamoja.

"Muongee."

"Niongee naye nini?" Maman Riziki akauliza.

"Mutukanane basi. Lakini pumzi isikatike."

Wakatukanana kuzunguka bwawa mara mbili. Nilikuwa nyuma yao, nilisikia mambo ambayo siwezi kuyaandika. Mzunguko wa tatu Maman Solange akaanza kucheka, akashikwa na kichomi, akainama.

Kichomi ni yale maumivu makali yanayokuingia ubavuni, chini ya mbavu, kama sindano. Mwalimu alikuwa na namna yake. Punguza mwendo, weka vidole pale panapochoma ubonyeze, toa pumzi nje mpaka tumbo liingie ndani, kisha uivute taratibu. Nje ndefu, ndani taratibu. Halafu akauliza, "Umekula nini asubuhi?" Maman Solange alikuwa amekula ugali wa jana na maharage, saa moja kabla. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema tumbo halifanyi kazi mbili, na kama mtu anataka kukimbia na ugali, akimbie kesho.

Wakati wa baridi alitufunga vitambaa puani na mdomoni, kwa sababu hewa ya Januari hapa inakukwaruza koo mpaka unakohoa hadi Jumatatu. Alisema ile hewa ipitie kwanza kwenye joto lako mwenyewe. Hakukubali mtu asimame ghafla akimaliza. Ukisimama ghafla kichwa kinazunguka. Tembea, tembea, mpaka moyo ushuke. Shavu la mguu likikaza na kuwa jiwe, kaa chini, unyooshe mguu, uvute vidole vya mguu kuelekea kwako, na mwenzako akukande. Lengelenge usilipasue. Mapaja yanayosuguana, paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka nyumbani, na hilo alilisema kwa sauti, katikati ya bustani, bila kupepesa macho. Kucha ya kidole changu kikubwa ilipokuwa nyeusi, nikidhani nimerogwa, aliangalia akasema, "Kata kucha, funga kamba vizuri. Hakuna mchawi anayefanyaka kazi ndogo kama hii."

Lakini maji ndiyo yalikuwa dini yake. Kabla hatujapiga hatua alipita na kutuuliza mmoja mmoja:

"Mukojo ya leo asubuhi ilikuwa rangi gani?"

Mara ya kwanza Maman Riziki alishika kiuno. "Papa, hata bwana yangu hajaniuliza ile."

"Njo maana bwana yako hajui kama uko unakauka."

Ukisema ilikuwa kama chai, hukimbii mpaka unywe, na anasimama mbele yako anakuangalia koo. Si kunywa chupa nzima kwa mara moja. Siku moja nilifanya hivyo kwa ubishi, maji yakacheza tumboni kama kwenye bidon, lile dumu la plastiki, na nikayatapika yote karibu na bata. Funda mbili, tatu, kisha unakwenda, kisha funda mbili tena. Jasho likiwa jingi, siku za joto, alitia chumvi kidogo na sukari ndani. Alisema wazee anaowahudumia, kiu yao imekufa kabla yao. Mwili unakauka na hauiti. Kwa hiyo yeye anawanywesha kwa saa, si kwa kiu.

"Ukingoja kiu," alikuwa akisema, "umechelewa." Alisema hivyo kila Jumamosi, miaka yote, na mara nyingine sauti yake ilikuwa kali kuliko jambo lenyewe, mpaka tukatazamana.

Msidhani nawachorea malaika. Alikuwa mtu mgumu. Ukichelewa dakika kumi anakurudisha nyumbani, na yeye mwenyewe alichelewa kwenye misa, kwenye matanga, hata kwenye ubatizo wa mtoto ambaye yeye ndiye alikuwa baba yake wa ubatizo. Alitukataza kukimbia na viatu vilivyokwisha, na vyake vilikuwa vimegundishwa kwa gundi ya baiskeli. Alitukataza kumeza vidonge vya maumivu ili tukimbie. Alisema maumivu yana habari, usiyafunge mdomo. Na goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu zamani, na mimi nilimwona mara nyingi akijigeuza kando, akitia kidonge mdomoni, akikimeza kikavu.

Kikavu. Hapo ndipo panaponipeleka ninakotaka kufika.

Mimi nilikuwa nakaa karibu na bustani, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kubeba chupa kwenye toroli la soko, kwenda na kurudi. Chupa yake ilikuwa na uzi wa bluu shingoni. Alikuwa akiiinua kama sisi, akaiweka mdomoni, koo likacheza, akaifunga. Nyumbani nikiosha chupa, yake ilikuwa imejaa. Mara ya kwanza nilidhani ameijaza bombani. Mara ya tatu nikajua.

Sikungoja. Mimi siwezi kungoja. Jumamosi iliyofuata wenzetu walipoondoka nikamwambia, tumekaa kwenye benchi, "Mwalimu, chupa yako inarudi na maji yake yote."

Aliigeuza chupa ile mkononi. Kisha akaongea, akiangalia bwawa.

"Tulikimbia vita, mimi na bibi yangu. Tulipita mu pori. Nilikuwa na bidon moja, ya litre tano. Mimi njo nilikuwa napima ile maji, juu nilikuwa mwalimu wa sport, nilijua kupima. Siku ya posho, muchana, akaniomba maji. Nikamwambia, vumilia, tutakunywa kule juu ya mulima. Akanyamaza. Bibi yangu hakukuwa mutu ya kuomba mara mbili. Tukafika juu, akakaa chini. Hakusimama tena."

Posho ndivyo tunavyoita Jumamosi kwetu, na bibi ni mke.

"Na bidon?" nikauliza. Sasa naona lilikuwa swali baya.

"Bidon ilibaki na maji," akasema. "Karibu nusu."

Tangu mkewe alipokufa hivyo, Jumamosi hanywi, tangu jua lichomoze mpaka litue. Aliweka nadhiri. Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo aliyochagua kutukimbiza na kutunywesha.

Sasa nieleze jambo letu, kwa sababu ninyi mliozaliwa hapa mnalichukulia juujuu. Katika vikundi vyetu vya maombi tuna kufunga kwa kawaida, na tuna kule kunakoitwa à sec, bila chakula wala maji. Siku moja, wengine siku tatu. Mtu anafunga hivyo kwa ajili ya karatasi za kukaa hapa, kwa ajili ya mtoto aliyebaki nyumbani, kwa ajili ya tumbo lisiloshika mimba. Na tuna desturi kwamba anayefunga hasemi, na anayemgundua hasemi. Ukimtangaza umemharibia mbele ya Mungu. Mimi nimelelewa hivyo na nimewalea mama zenu hivyo. Kutunza siri ya aliyefunga kwetu ni heshima kubwa kuliko kutunza fedha zake.

Kwa hiyo pale kwenye benchi, mtu ananiambia anajikausha kila wiki na kukimbia juu yake, mimi nilisema nini? Nilisema, "Mungu anaona, Mwalimu." Na nilisema kwa heshima. Nilitoka pale najiona nimekabidhiwa kitu. Miaka mitano nilibeba chupa ile ikiwa imejaa, nikaimwaga kwenye sinki, nikaiosha, nikaijaza tena.

Jumamosi ya joto ile, mwezi wa saba, lami ilikuwa inanata. Maman Solange alisema tuahirishe. Mwalimu akasema tutakwenda kwa miguu tu, kivulini. Lakini goti lilikuwa linamuuma, nikamwona anameza vidonge viwili, vikavu kama kawaida. Tulitembea, kisha yeye akaanza kukimbia polepole mbele yetu, kuonyesha namna ya kuweka mguu. Alikuwa anaongea. Halafu nikasikia haongei. Nilijua maana yake, alikuwa amenifundisha yeye mwenyewe. Kabla sijamwita akaenda upande kama mlevi, akakaa, akalala.

Nilipanda naye gari la wagonjwa. Nilisema mimi ni dada yake. Hospitali akatujia daktari kijana, mwanamke, mpole, nywele amezifunga kwa kalamu. Akaniuliza kwa Kifaransa ambacho nilikielewa vizuri, msije mkasema sikuelewa.

"Mama, amekunywa maji leo?"

Nilimwangalia Mwalimu. Alikuwa amefunga macho, midomo imepasuka.

"Ndiyo, daktari," nikasema. "Anakunywa sana. Yeye ndiye anayetufundisha kunywa."

"Siku zote anakunywa vizuri?"

"Siku zote."

"Na dawa? Amemeza dawa yoyote?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimeona vidonge viwili kwa macho yangu. Lakini niliogopa kwamba nikitaja vidonge ataniuliza amevimeza na maji gani, na siri yote itatoka kwa mlango huo. Nilimdanganya daktari mara tatu, nimesimama wima, na msalaba wangu shingoni. Na nilijiona mwaminifu.

Daktari aliandika. Damu ilisema mtu huyu amekauka, hilo aliliona mwenyewe, wakamtundikia maji ya mshipa. Lakini kwa maneno yangu akaona ni joto la siku moja. Alisema figo zimeshtuka na huenda zikarudi, akampa barua arudi kupimwa baada ya wiki mbili. Mwalimu aliikunja barua ile akaiweka mfukoni. Sijui kama aliitoa tena. Siku alipotoka nilimuuliza, akasema, "Niko muzuri, Maman. Posho tutaonana." Tukaonana Jumamosi, akainua chupa, koo likacheza.

Miaka miwili ilipita. Viatu vyake alianza kuviacha bila kufunga, kwa sababu miguu haikuingia. Uso ulikuwa unavimba asubuhi. Alikuwa anakimbia, kisha anatembea, kisha anakaa kwenye benchi akisikiliza kama tunaongea. Yeye aliyetuuliza mkojo wetu una rangi gani, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza wake. Halafu Jumamosi moja hakuja. Jumatano tukapata habari kwamba yuko kwenye mashine, figo zote mbili zimekwisha.

Tulikutana katika saluni ya Maman Solange, pale Galerie. Alikuwa anasuka mteja mmoja, msichana mwenye vitabu, na hakusimamisha mikono.

"Mimi nilijuaka kama hanywi siku ya posho," akasema, bila kutuangalia.

Nikamgeukia. "Wewe? Tangu lini?"

"Tangu ile hiver ya barafu, ile Maman Riziki aliangukaka. Nilimupa thé yangu ya thermos. Akaimwanga mu majani, akafikiri sioni."

Maman Riziki alikuwa amekaa chini ya kile kikausha nywele, hakijawashwa. Tulizoea acheke kabla ya kusema. Hakucheka.

"Mimi aliniambia yeye mwenyewe," akasema. "Ile ya bibi yake, ya bidon, yote. Akasema, Maman, hii ni ya kwako peke yako."

"Sasa juu ya nini hukusema?" nikamuuliza, na nilimuuliza kwa ukali.

"Na wewe, Maman Neema? Wewe njo ulikuwa unabeba chupa."

Msichana wa vitabu alitutazama kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Nywele zake nusu zilikuwa zimesukwa na nusu zimesimama. Maman Solange alikuwa ameacha kusuka.

Wote watatu tulijua. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekabidhiwa, na kila mmoja akaona fahari. Kama mmoja angemwambia mwenzake, hata kwa kusengenya tu, tungekuwa watatu mbele yake, na watatu tungeweza kumshika. Sisi tulisengenya kila mtu Bruxelles nzima, tukiwa tunakimbia, kwa amri yake. Hilo moja tulilinyamazia.

Nilikwenda kumwona hospitali mara nyingi, lakini ninayoikumbuka ni ile ya karibu na mwisho. Wanakaa wengi katika chumba kimoja, kila mtu na mashine yake, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Muda wa saa nne, siku tatu kwa wiki. Alikuwa amepungua, ngozi imekuwa rangi ya majivu. Juu ya meza yake palikuwa na kikombe kidogo, cha kuchezea watoto. Mtu ambaye figo zake zimekufa haruhusiwi kunywa anavyotaka. Maji hayana pa kutokea, yanapanda kwenye mapafu. Alipewa vikombe vichache kwa siku, na supu inahesabiwa humohumo, hata chungwa linahesabiwa. Alikuwa ananyonya kipande cha barafu, anakitoa, anakirudisha.

"Maman Neema," akasema. "Mukojo yako iko rangi gani?"

"Iko nyeupe."

"Muzuri. Mimi sina tena."

Nikataka kucheka kwa sababu yeye alitaka nicheke. Haikutoka. Nikavuta kiti, nikasema lile nililokwenda kusema.

"Siku ile ulianguka, docteur aliniuliza kama unakunywaka. Nilimwambia unakunywaka sana. Akauliza dawa, nikasema sijui. Nilikuwa najua, Mwalimu."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa nimefunga macho tu. Nilikuwa naomba, Mungu, huyu mama asiseme." Akakitoa kile kipande cha barafu, akakiangalia. "Donc ulifanya vile nilitaka."

Mashine yake ililia kidogo, muuguzi akaja akabonyeza kitu, akaondoka.

"Bibi yangu naye alifanya vile nilitaka," akasema. "Nilisema vumilia, akavumilia. Ninyi nilisema munyamaze, mukanyamaza. Mimi njo mutu bananisikiliza mno, Maman. Kama mutu mumoja tu angalinikatalia."

Sikumwomba msamaha, na yeye hakunipa. Nawaambia kama lilivyokuwa, msitie sukari mkisimulia. Alisema anaona baridi. Mashine ile inatoa damu nje na damu inarudi imepoa. Nikamfunika blanketi mpaka kidevuni, nikamkanda mashavu ya miguu kwa sababu yalikuwa yamekaza, nikavuta vidole vya miguu kuelekea kwake kama alivyotufundisha. Akasinzia. Nilikaa mpaka saa zake nne zikaisha.

Nilimuuliza daktari wa pale, mzee mmoja mwenye ndevu, kama ningesema kweli siku ile ya joto mambo yangekuwa mengine. Alinijibu kwa uangalifu. Alisema si jambo moja. Ni presha ambayo hakuitibu, ni vile vidonge vya goti miaka mingi, na vidonge vile juu ya mwili uliokauka vinaumiza figo zaidi. Alisema labda. Labda wangemfuatilia, labda wangemkataza vidonge mapema, labda angekataa. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana. Labda hiyo ndiyo ninayolala nayo.

Alikufa kabla majani hayajarudi kwenye miti ya Josaphat. Tulimzika mchana, watu wengi, na wazee wawili wa nyumba ile waliletwa na viti vya magurudumu. Mchungaji alisema alikuwa mtu wa maombi. Maman Riziki alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Jumapili iliyofuata mlikuwa wote kwangu kwa chakula cha mchana. Ninyi wakubwa mnakumbuka, wadogo mlikuwa chini ya meza. Nilipakua wali na sombe, majani ya muhogo. Neema, binti yangu, mama wa baadhi yenu, alikuwa ameifunika sahani yake na kuipindua glasi. Sikuuliza, nilijua. Ilikuwa siku yake ya pili à sec, kwa ajili ya kazi aliyokuwa anaiombea, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kupauka. Nikawatazama ninyi. Mkubwa wenu aliinamisha macho. Alikuwa anajua tangu jana, na alikuwa anatunza, kama nilivyomlea mama yake atunze.

Niliinuka. Nilichukua glasi ya Neema nikaisimamisha, nikaijaza maji mpaka juu, nikaiweka mbele yake.

"Maman, nimeweka neno na Mungu," akasema polepole.

"Mungu nitaongea naye mimi," nikamwambia. "Kunywa. Kuanzia leo, katika nyumba hii anayefunga atafunga na maji. Na ninyi wote, mkimjua mtu anayeficha kiu, au njaa, au maumivu, mseme hapa mezani siku hiyohiyo, hata kama amewaapisha, hata kama ni mimi."